Kumfuata Tamika Catchings kwa gari, mimi na binti wa dada

Siku ya 1: Atlanta hadi Knoxville

Tulipanga kutoka saa 12 asubuhi tukatoka saa 3. Chaja haionekani, kiatu kimoja kipo kingine hakipo, tumeshaingia barabara kuu ya I-75 ndo bibie anakumbuka kaacha mpira nyumbani, ikabidi nigeuze. Sasa hivi huo mpira umekaa siti ya nyuma pembeni yake, umefungwa mkanda kama abiria aliyelipa nauli.

Huyu ni binti wa dada yangu, ana miaka 12, anacheza basketi timu ya shule, na toka azaliwe masikio yake hayasikii vizuri. Ana mashine mbili ndogo za kuvaa nyuma ya sikio, hela iliyotumika hapo tusiizungumzie, na mwaka mzima huu zinarudi nyumbani zikiwa mfukoni, mara moja zimeponea chupuchupu kufuliwa pamoja na suruali. Dada akanipigia, we si ndo ulikuwa mchezaji, hebu kaa naye umwambie, maana mimi hanisikii. Akasikia alichokisema, akacheka, halafu akakaa kimya muda mrefu kidogo.

Mimi kucheza kwenyewe niliishia chuo, goti likakataa. Ila mtu wa kumwonyesha mtoto ninaye, Tamika Catchings, mwanamke aliyeiba mpira mara 1,074 kwenye WNBA, ligi ya basketi ya wanawake Marekani, anayemfuata ni Ticha Penicheiro mwenye 764, yaani hata hawakaribiani, na huyu Catchings kazaliwa na tatizo la masikio. Basi wazo langu ni hili: likizo hii tumfuate kwa gari, tuanzie Knoxville alikosoma chuo, tumalizie Indianapolis alikocheza maisha yake yote ya WNBA, njiani nampa stori nzima, na tukirudi mtoto anavaa mashine zake mwenyewe bila kusukumwa. Ukiusema hivi ni mpango mzuri kabisa.

Nikaanza kuhadithia hata hatujatoka vizuri mjini. Kwamba Catchings kazaliwa 1979 New Jersey, kwamba baba yake Harvey alicheza NBA misimu 11, alivyomaliza huko akaenda kucheza Italia na familia nzima ikahamia, na huko Tamika mdogo akakutana na Kobe Bryant mdogo maana baba yake Kobe naye alikuwa anacheza hukohuko Italia. Nikajua hapo kwa Kobe lazima ashtuke. Nyuma huko nasikia tu "ehee", "kweli mamdogo", "duh". Nikanogewa, nikaongeza na za kwangu mwenyewe za chuo, nikafika Chattanooga koo limekauka. Tunaweka mafuta, bibie anashuka kunyoosha miguu, ananiuliza, "Mamdogo, kwani huyo dada baba yake anafanya kazi gani?"

Saa mbili nzima. Nimeongea na mpira.

Ukitulia unaona kosa liko wapi. Mimi naangalia mbele, yeye yuko nyuma, kiyoyozi kinapuliza, malori yanapita, na mashine ziko mfukoni. Mtoto huyu anasoma midomo, na mdomo wangu muda wote ulikuwa unaongea na kioo cha mbele. Kilichoniuma sio kuongea bure, ni zile "ehee" zake, zilivyokuwa zinakaa mahali pake, haikosei hata moja. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye uzoefu. Nikawaza darasani anakaaje.

Usiku hotelini nikawasha taa zote, nikakaa mbele yake nikaanza upya. Catchings alikuwa na shida masikio yote mawili, akavaa mashine toka mdogo, na za enzi hizo zilikuwa kubwa, zinaonekana toka mbali, halafu ana miwani, ana waya za meno, na matamshi yake hayajakaa sawa, watoto wenzake wakamgeuza kichekesho. Siku moja, wameshahamia Abilene huko Texas, anatoka shule anarudi nyumbani, akazivua akazirusha kwenye majani. Wazazi wakarudi naye kutafuta, zisionekane. Mama yake akamwambia sawa, nyingine hatununui. Akakaa bila mashine mpaka chuo.

"Akazitupa kabisakabisa?"

Kabisa.

"Halafu akawa MVP."

Ndio, mchezaji bora wa ligi, 2011.

Akajifunika shuka anatabasamu. Nikajua nimejipalia makaa.

Siku ya 2: Knoxville

Jumba la heshima la basketi ya wanawake liko hapahapa Knoxville, lilifunguliwa 1999, na huwezi kupotea maana nje kuna mpira wenye urefu wa futi 30 na uzito wa tani 10 umekaa juu ya ngazi za vioo, hizo ngazi zenyewe zimetengenezwa zionekane kama wavu. Wanasema ndo mpira wa kikapu mkubwa kuliko yote duniani. Bibie akapiga picha kashika mpira wake chini ya ule mpira, akamtumia mama yake, mashine hazipo masikioni, mama akajibu kwa alama ya mshangao moja tu.

Ndani nilitegemea nitakuwa naburuza mtoto toka kabati hadi kabati, kumbe yeye ndo ananiburuza. Ukimwacha asome mwenyewe mtoto huyu hashikiki. Akasimama pale kwa Senda Berenson, mwalimu aliyeanza kuwafundisha wasichana mchezo huu Smith College mwaka 1892, mwaka mmoja tu baada ya mchezo wenyewe kubuniwa. Berenson aliogopa wasichana wataumizana, akatunga sheria zake: uwanja unagawanywa vipande vitatu, kila mtu anabaki kipande chake, mpira unaudunda mara tatu basi, na kumnyang'anya mwenzio mpira mkononi marufuku. Marufuku! Nikamgusa bega nikamwambia hebu fikiria, kitu ambacho Catchings anaongoza nacho dunia nzima ya WNBA, walipoanza wenzake ilikuwa faulo. Akasema, "Kwa hiyo angekaa benchi." Nikasema angetolewa nje kabisa.

Kilichomshika zaidi ni gari. Kuna limuzini refu la timu iliyoitwa All American Red Heads, wanawake waliozunguka Marekani kucheza toka 1936 hadi 1986, wanapaka nywele rangi nyekundu wote, wanacheza na wanaume kwa sheria za wanaume, karibu kila usiku mji mwingine, wakimaliza wanaingia kwenye gari wanaenda. Miaka 50. Wengi hatujawahi kuwasikia, na hao ndo walikuwa maprofeshno wakati neno lenyewe kwa mwanamke linaonekana utani. Mtoto alihesabu siti, akahesabu wachezaji, akaniuliza mizigo waliweka wapi.

Chini kuna viwanja vidogo unaruhusiwa kucheza. Kulikuwa na wasichana wengine wanne watano wakubwa wake kidogo, wakamkaribisha, wakacheza. Mkono anao mtoto huyu, siwaambii kwa sababu ni wetu. Ila ikatokea hivi: mmoja kaweka ukuta nyuma yake, yaani kasimama kumzibia njia, mwenzie wa timu yake akamwita amtahadharishe, akaita mara ya pili kwa kelele, yeye anageuka kwa spidi yake yote akaenda kukutana na bega. Pua ikatoa damu. Wale mabinti walishtuka kuliko yeye, yule aliyekuwa anaita anasema jamani mbona nilisema, nilisema mimi. Sikusema kitu. Nilimbana pua kwa tishu, nikauma ulimi wangu, namuona mkono wake unagusa mfuko wa bukta pale kibox cha mashine kilipo halafu unatoka.

Mchana tukaenda uwanja wa chuo kikuu cha Tennessee, Thompson-Boling, ambao sakafu yake inaitwa The Summitt, jina la kocha Pat Summitt. Sanamu yake ya shaba iko ng'ambo ya barabara. Mama huyu alishinda mechi 1,098 na makombe 8 ya taifa, akafariki 2016. Catchings alimwona kwenye TV akiwa bado mdogo, yale macho makali, akasema chuo changu ni hicho. Na alipomaliza sekondari Duncanville kule Texas alikuwa kashafanya kitu cha ajabu, mechi moja mwaka 1997 pointi 25, ribaundi 18, asisti 11, kuiba mpira mara 10, bloku 10. Mistari yote mitano tarakimu mbili. Mwaka wake wa kwanza Tennessee akacheza na wakina Chamique Holdsclaw na Semeka Randall, wakamaliza msimu wa 1998 wameshinda 39 hawajafungwa hata moja.

Nikasubiri tukae kwenye ukuta mfupi pale kwa sanamu, ana tishu puani, anaangalia mdomo wangu, ndo nikaitoa ile sehemu ya pili ya stori. Kwamba hapahapa Summitt na mtaalamu wa tiba wa timu, Jenny Moshak, walimkalisha Catchings chini. Wakamshauri arudi kwenye mashine na aanze mazoezi ya matamshi, na Summitt akamwelewesha kuwa akijitokeza hadharani kuna watoto wengi sana watafaidika. Akarudi kuzivaa. Kashakuwa staa tayari.

Kimya. Halafu, "Alikuwa na umri gani?"

Wa chuo.

"Basi mi nina miaka sita bado."

Hesabu anajua, shida ndo hiyo.

Siku ya 3: Knoxville, Lexington, Louisville, Indianapolis

Maili kama 360. Leo kakaa mbele, na kabla sijawasha gari akachukua kioo changu cha poda kwenye pochi, akakibana kwenye matundu ya kiyoyozi, akakigeuza geuza, akaniambia nitabasamu, akakigeuza tena kidogo. Akasema sasa ongea. Yaani yeye anaangalia kile kioo na anauona mdomo wangu, mimi naangalia barabara. Miaka mingapi namfahamu mtoto huyu sijawahi kuwaza kitu kama hicho. Poda nimekaa bila siku nzima, na sijali.

Milima ya Jellico mpakani na Kentucky inahitaji utulivu, malori yanashuka kama yamekatika breki, hapo nikanyamaza. Baada ya hapo njia ikafunguka nikampa habari za kazi yenyewe, maana yeye anadhani mchezaji profeshno ni kusaini jezi na kukaa kwenye nyumba yenye swimingi puli.

Nikamwambia hivi. WNBA ilianza kucheza 1997. Catchings akiwa mtoto wa miaka 12 hivi kama wewe aliandika kwenye karatasi akabandika ukutani kwamba atacheza NBA, sababu ya wanawake haikuwepo hata ya kuiota. Ligi ilivyokuja ikawa ya kiangazi, miezi michache, mshahara wake mdogo, hadi 2019 mchezaji wa juu kabisa alikuwa analipwa dola 117,500 kwa msimu, mkataba mpya wa 2020 ndo ukapandisha hadi 215,000. Kwa hiyo msimu ukiisha wanapanda ndege. Catchings kacheza Korea Kusini, Urusi, Poland, Uturuki. Unatoka Indiana mwezi wa tisa au wa kumi, unaenda mahali hujui lugha, na yeye lugha anayoijua anaisoma kwa mdomo, sasa mdomo wa Kikorea unausomaje? Nilivyosema hivyo bibie aliacha kioo akaniangalia mimi mwenyewe, ikawa kama hilo ndo jambo la kwanza la maana nimesema toka Jumatatu.

Diana Taurasi, staa mwingine wa WNBA, mwaka 2015 timu yake ya Urusi ilimlipa asicheze WNBA kabisa apumzike, na alikubali, na mi simlaumu. Brittney Griner, staa mwingine tena, alikamatwa Urusi Februari 2022 akikaa ndani mpaka Desemba, na kilichompeleka kule ni hichohicho, msimu wa pili wa kazi. Hata ndege za kukodi za timu zimeanza kwa msimu mzima 2024, kabla ya hapo ni foleni kama mimi na wewe, mtu ana futi sita na kitu kabanwa siti ya katikati, kesho yake ana mechi. Catchings kacheza miaka 15 ya namna hiyo. Wakina Red Heads na limuzini lao sidhani wangeshangaa sana.

Lexington tukasimama kula. Nikamwacha aagize mwenyewe, mimi nikaenda chooni. Narudi namkuta anakula kuku huku machozi yanamtoka, mdomo mwekundu, anakunywa soda kwa pupa. Kumbe mhudumu kamuuliza wa pilipili au wa kawaida, kamuuliza ameinama anaandika oda, na bibie akajibu "ehee". Nilicheka mpaka nikakaa chini, Mungu anisamehe, na yeye akacheka huku analia. Halafu akafuta mikono vizuri, akatoa kibox, akavaa mashine ya kushoto.

"Moja tu," akasema.

Sikusema kitu, nimejifunza.

Louisville tukavuka mto Ohio kwa daraja la Lincoln, lile la kulipia, kamera inapiga picha namba ya gari bili itakufuata nyumbani. Indianapolis tumeingia jua linazama.

Siku ya 4: Indianapolis

Mvua. Asubuhi tumezunguka nje ya uwanja wa Gainbridge Fieldhouse, wa matofali mekundu na vyuma, umejengwa kwa mtindo wa kumbi za zamani. Catchings alipoanza ulikuwa unaitwa Conseco, ukaja ukaitwa Bankers Life, sasa Gainbridge, majina matatu, mawili ya kwanza yeye akiwa bado anacheza.

Bibie leo ana maswali, na yote ni ya kuumia. Pua yake imevimba kidogo, nadhani ndo sababu. Aliumia wapi, aliumia mara ngapi, alirudi baada ya muda gani. Nikamwambia Januari 2001, mwaka wa mwisho chuo, goti, ile ligamenti wanayoiita ACL ikachanika. Kwa wengi hapo ndo kituo cha mwisho, mimi mwenyewe goti langu lilikuwa hilohilo na ndo kikawa kituo changu. Indiana Fever, timu ya hapa Indianapolis, wakamchukua hivyohivyo kwenye drafti ya 2001, ile ya timu kuchagua wachezaji wapya, namba 3, baada ya Lauren Jackson na Kelly Miller, wakijua msimu huo hatacheza. Msimu mzima kakaa pembeni kavaa nguo za kawaida anaangalia wenzake. 2002 akaingia, wastani wa pointi 18.6, mchezaji bora chipukizi. Sasa mi naamini, na hii ni imani yangu tu, ule mwaka wa kukaa na kuangalia haukupotea kwa mtu ambaye silaha yake ni macho. Yeye mwenyewe amewahi kueleza kuwa kutosikia vizuri kulimfanya awe anaangalia sana, anauona mchezo kabla haujatokea.

Halafu 2007, mchujo dhidi ya Detroit, kano ya kisigino ikakatika. Bibie akauliza inauma vipi, nikamwambia wanaopatwa wanasema ni kama mtu amekupiga teke kwa nyuma, unageuka kuangalia nani, hakuna mtu. Hiyo ameirudia mara tatu leo. Agosti 2008 yuko Beijing na medali ya dhahabu ya Olimpiki, ya pili hiyo kati ya nne, 2004, 2008, 2012, 2016.

Kuna kitu sikumwambia, nikiandika hapa usiku ndo nakifikiria. Mimi goti lilipochanika nilisema basi, na kwa miaka mingi nimewaambia watu kuwa goti ndo lilikataa. Goti lilipona. Yaani lilipona vizuri tu.

Tuendelee. Mvua ilivyozidi tukaingia Tea's Me, mgahawa wa chai ambao Catchings aliununua 2017, mwenyewe alikuwa mteja akasikia mwenye nao anataka kuuachia. Watu wanatoka kwenye michezo wananunua magari, yeye kanunua birika. Kabla hatujafika kaunta bibie akavaa na ile ya kulia, zote mbili, akaagiza mwenyewe, akajibu maswali yote sawasawa, akapata alichoagiza. Akaniangalia kwa pembe ya jicho kuona nitasema nini. Nikasoma menyu kwa makini sana.

Hapo ndo nikamhadithia 2012. Fever walikuwa fainali 2009 wakafungwa na Phoenix mechi tano. 2012 wanarudi fainali dhidi ya Minnesota, mabingwa watetezi, timu ya wakina Maya Moore na Lindsay Whalen, halafu mfungaji wao wa pili Katie Douglas kaumia kifundo cha mguu, hakuna aliyewapa nafasi. Wakashinda 3 kwa 1. Mechi ya mwisho hapohapo mjini, Oktoba 21, 87 kwa 78, Catchings pointi 25 na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Alikuwa na miaka 33. Misimu kumi na moja uwanjani kwa kombe moja, na hakuwahi kupata lingine, 2015 walifika tena wakafungwa na Minnesota haohao mechi ya tano.

"Moja tu?" akauliza.

Moja.

Akafikiria. "Lakini alikaa timu moja."

Alikaa timu moja.

Siku ya 5: Mechi

Tiketi nilinunua zamani na bado zilikuwa bei mbaya, toka yule staa Caitlin Clark achukuliwe na Fever 2024 kila mtu anataka kuingia, ukumbi mzima ni jezi yake namba 22, vibabu, vitoto, wababa na mabinti zao. Tumekaa juu kabisa, karibu na paa. Faida yake ni kwamba jezi namba 24 ya Catchings tunaitazama uso kwa uso, waliistaafisha Juni 2017, ya kwanza kwa timu hii. Bibie aliipigia picha kumi na tano, zote zinafanana.

Kaingia na mashine zote mbili. Mi moyoni nishaanza kuandaa meseji ya kumtumia dada. Dakika ya tatu au ya nne ya robo ya kwanza namuona kakunja uso, mabega juu, kashika magoti. Muziki, honi, mtangazaji, watu elfu kumi na zaidi wanapiga kelele, na mashine hazichagui, zinakuza vyote pamoja, akaniambia ni kama mtu anamwaga vijiko kichwani kwake. Akazivua zote mbili. Akaziweka kwenye kibox vizuri, moja baada ya nyingine, akafunga, akanipa mimi nishike. Sio mfukoni, akanipa mimi. Halafu mabega yakashuka, akaegemea mbele viwiko juu ya magoti akaanza kuangalia mpira.

Sasa sikilizeni. Robo ya pili ananigonga paja, ananyoosha kidole, "anapokonywa." Sijaelewa. Sekunde moja, mlinzi wa Fever anakatiza pasi, anaondoka nayo, uwanja unaripuka. Nikasema bahati. Dakika kadhaa, ananigonga tena, tena kweli. Ya tatu kakosea, akakunja mdomo. Ya nne akapatia, hiyo ilikuwa upande wa pili kabisa wa uwanja mi hata mpira wenyewe naupoteza kwa macho. Nilianza kuhesabu kwenye simu, hadi mwisho wa mechi kataja tisa kapatia sita. Mapumziko nikamgeuzia uso nikamuuliza unajuaje, akaniambia kama kitu cha kawaida, "Anayetoa pasi anaangalia kwanza anakopeleka, halafu anaangalia pembeni kujifanya. Ile ya kwanza ndo ya kweli."

Nimecheza basketi miaka tisa. Hakuna kocha aliyewahi kunipa sentensi hiyo.

Dada akapiga saa hiyohiyo, video. "Vipi, mmeongea? Amevaa?"

Nikageuza kamera aone ukumbi, aone mtoto. Sasa hivi hajavaa, nikamwambia.

"Siku tano! Hotel siku tano, mafuta..."

Nitakueleza, nikamwambia, huku hatusikilizani. Ambayo ni kweli kabisa.

Siku ya 6: Kurudi

Tumetoka saa 12 kamili, safari hii mimi ndo nimesahau chaja. Tunashuka na I-65 hadi Nashville halafu Chattanooga, zaidi ya maili 500, miguu ishaanza kuuma kwa kuifikiria tu. Bibie kaamka kavaa zote mbili, sijui saa ngapi kazivaa, sikuuliza. Mpira umefungwa mkanda nyuma.

Karibu na Bowling Green moja ikaanza kulia tii tii, betri inaisha. Nikajiandaa kuona inaingia mfukoni. Akafungua pochi yangu, akapekua, kumbe siku zote betri za akiba aliziweka humo chini ya vitu vyangu tokea Atlanta, akabandua stika, akasubiri kidogo hewa iingie, akabadilisha. Kazi ya nusu dakika. Akatupa ile ya zamani kwenye kikombe cha kahawa yangu ambacho bado kilikuwa na kahawa.

Nikaanza kumweleza wazo nililopata usiku, kwamba pale karibu na kwangu kuna wamama wanacheza Jumamosi asubuhi, wa umri wangu, magoti yao kama yangu, na kwamba labda nikaangalie, sio kucheza, kuangalia tu kwanza, na yeye kama hana kazi angekuja kukaa pembeni aniambie nani anaangalia wapi. Nimefika katikati ya maneno lori likatupita linanguruma, nami nikageuka dirishani kuliangalia.

Akanyoosha mkono, akakirekebisha kile kioo cha poda.

"Mamdogo, ongea na kioo."